Kalaptop Kalikofufuka Nkwenda

Nilikakuta kwenye steshenari moja pale Kayanga, kamewekwa juu ya rundo la karatasi ili zisipeperuke. Kalaptop keusi ka inchi kumi, kamechubuka pembeni, kibodi imeng'oka herufi Q. Dada wa steshenari akaniona nakakodolea, akacheka.

"Bro, hako usijisumbue. Ukikawasha, unaweza kwenda kununua chapati, ukaila, ukanawa, ukarudi, bado kanazungusha kaduara."

Nikauliza bei. Akaniangalia kama mtu aliyedata, akasema misimbazi minne. Tukavutana, tukatua kwenye mitatu na buku tano, chaja juu yake. Natoka mlangoni nasikia wana wa boda wanaangua kicheko: "Nshomile kapigwa!"

Mimi wala sio Mhaya, mimi Mnyambo wa Nkwenda, Kyerwa. Ila ukishafika Mwanza, mtu yeyote wa Kagera ni nshomile, msomi wa kujitangaza, hata kama darasani ulikuwa unakaa dirishani kuvizia senene. Sasa kama jina nimeshabebeshwa bure, acha nibebe na laptop yake.

Mchongo wangu ulikuwa mdogo tu. Barua ya kuomba kazi, CV, fomu ya dogo anayesaka mkopo wa chuo, kila kitu huku unakipeleka steshenari. Unalipia kuchapiwa, unalipia kuprinti, ukikosea tarehe unalipia tena. Na nauli ya Nkwenda mpaka Kayanga hujaihesabu, wala vumbi jekundu unalofika nalo kwenye kola. Nikapiga hesabu: kalaptop kakiweza kuandika na kufungua intaneti tu, mwaka hauishi kamerudisha hela yake.

Usiku nikakawasha geto. Dada hakupiga kamba. Kaduara kalizunguka, feni ikalia kama boda iliyopiga mshikaki ikipanda kilima. Nilipofanikiwa kuingia mtandaoni, kila ukurasa ukaniambia kivinjari changu kimezeeka. Nikakaangalia, kakaniangalia.

Mzigo usio wake

Kitaani tuna ugonjwa mmoja. Laptop ikikwama, dawa tunayoijua ni kupiga window upya. Anakuja fundi na flashi yake, ndani kuna Windows isiyolipiwa, anaivunja kufuli kwa kaprogramu alikokaokota anakokujua mwenyewe, na humohumo kwenye kaprogramu unaweza kuletewa kirusi. Mwezi haujaisha umerudi palepale, ila sasa una deni la fundi.

Tusome mchezo vizuri. Tulaptop hutu tulianza kushika chati mwishoni mwa 2007, ASUS ilipotoa Eee PC: skrini inchi 7, RAM MB 512, na ndani yake mfumo wa Linux. Mwaka 2008 Acer ikaingia na Aspire One, nayo kuna zilizotoka kiwandani na Linux. Umenyaka hapo? Tudogo hutu Linux tulizaliwa nayo. Microsoft ilipoona soko linatoroka, ikairefushia maisha Windows XP kwa ajili ya tudogo hutu, kisha 2009 ikaleta Windows 7 Starter, toleo lililobanwa mpaka hata picha ya nyuma ya skrini huruhusiwi kubadili. Yaani laptop umelipia, halafu picha ya bibi yako huwezi kuiweka.

Baada ya hapo milango ikaanza kufungwa mmojammoja. Windows XP iliachiwa njiani Aprili 8, 2014. Windows 7 ikafuata Januari 14, 2020. Windows 10 nayo msaada wa kawaida ulikatwa Oktoba 14, 2025. Windows 11 inataka RAM giga 4, nafasi ya giga 64 na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kangu kana RAM giga 1. Kukalazimisha huko ni kumtwisha mtoto wa chekechea gunia la kahawa, halafu ukamwita mvivu.

Hapo nikaelewa somo. Kalaptop hakajafa, kamebebeshwa mzigo usio wake. Ukikawekea Linux wala hukajaribii uchawi, unakarudisha kwao.

Neno la bibi

Mfumo wa kwanza kunijia kichwani ulikuwa Ubuntu, na sababu haikuwa ya kitaalamu. Sababu ni bibi. Kinyambo tuna neno obuntu, kama walivyo nalo Wahaya na ndugu zetu wa ng'ambo ya mto kule Uganda: ule utu wa kumjali mwenzio na kumkunjulia mkono. Bibi akikuona umempita jirani na mzigo wake bila kumpokea, anasema huna obuntu, na hukumu hiyo haina rufaa. Sasa nakuta kuna mfumo wa kompyuta umepewa jina la bibi. Nikasema huu wetu.

Aliyeuanzisha ni Mark Shuttleworth, mwamba wa Afrika Kusini aliyekwenda angani mwaka 2002. Ubuntu ya kwanza ilitoka Oktoba 2004, na kampuni yake, Canonical, ikawa inatuma CD bure kwa yeyote aliyeomba, popote alipo, mpaka 2011. Ndani ya Ubuntu kuna kiini chenyewe, Linux, ambacho mwanafunzi mmoja wa Helsinki, Linus Torvalds, alikitangaza Agosti 25, 1991. Alikuwa na miaka 21. Mimi katika umri huo nilikuwa nabishana kuhusu Simba na Yanga.

Nikanunua bando la usiku. Nikashusha faili kwenye laptop ya kuazima, nikaliandika kwenye flashi, nikachomeka, nikakawasha kangu. Kikatokea kimstari cha Kiingereza, cheupe kwenye giza: hapa inatakiwa prosesa ya biti 64, iliyopatikana ni ya biti 32. Basi. Kimya kama msiba.

Kosa lilikuwa langu. Prosesa nyingi za tulaptop twa miaka ile, kama Atom N270, ni za biti 32, na Ubuntu ya kompyuta za mezani iliacha kutengenezewa toleo la biti 32 tangu Oktoba 2017. Nimechoma bando zima kwa kutosoma lebo. Nikala buyu siku tatu, sikumwambia mtu, hasa wale wana wa boda.

Mche wa Kaisho

Aliyenitoa kwenye msoto ni mshikaji wangu fundi simu wa Kaisho. Nilimkuta kibandani anabadilisha kioo cha simu. Nikamwaga yote, mpaka ya bando. Hakucheka. Akaniuliza swali la ajabu.

"Kwenu mna migomba?"

"Kyerwa nani hana?"

"Huwa mnaipanda kwa mbegu?"

"Mbegu ya wapi? Unang'oa mche kwenye shina mama."

"Basi Linux ndio hivyohivyo, mwanangu. Kaa hapa."

Akanipa darasa bila kuinua macho. Kuna shina mama linaitwa Debian, lilipandwa mwaka 1993. Ubuntu ni chipukizi lililong'olewa pale. Yapo machipukizi mengine kibao. Kuna yanayotaka mbolea nyingi na nafasi, na kuna mafupi yanayomea hata kwenye udongo uliochoka. Kwa kalaptop ka biti 32 na RAM giga 1, mche wake ni antiX. Toleo la 23, lililotoka 2023, limejengwa juu ya Debian 12, na la biti 32 lipo. Faili lake halifiki giga mbili. Mfumo ukishawaka na kutulia, RAM inayoliwa haifiki MB 300. Kalaptop kanabaki na pumzi.

Alikuwa nalo tayari. Nikanyoosha mkono nilidake fasta, akanikata.

"Tulia. Mche gani unaupanda bila kuukagua?"

Hapo aligusa kidonda. Mnyauko wa migomba uliingia Kagera mwaka 2006, na watu wa huku hawahitaji kusimuliwa: majani yanalegea, ndizi zinaiva kabla ya muda, ukizipasua ndani zimekuwa za kahawia. Ugonjwa ule unasafiri kwa mche wenye ugonjwa na kwa panga lililotoka shamba lenye ugonjwa. Mzee wangu mpaka leo hahamii shina la pili bila kulipitisha panga kwenye moto, na hapokei mche asioujua kwao.

Faili la mfumo nalo lina namna yake ya kukaguliwa. Wenyewe antiX wanaandika kwenye tovuti yao alama ya vidole ya kila faili, inaitwa SHA256, mkufu wa herufi na tarakimu 64. Fundi akaingiza amri moja tu, mkufu ukatoka, tukaulinganisha na wa wenyewe, yeye anasoma mimi nafuata kwa kidole kama wahasibu wa chama cha msingi msimu wa kahawa. Ikitofautiana hata herufi moja, unalipiga chini faili zima. Zikafanana zote. Ndipo akaliandika kwenye flashi ya giga 8 kwa programu ya Rufus, akanikumbusha kwamba kila kilichokuwemo kwenye flashi kinafutika. Nyimbo zangu za miaka miwili zikaenda na maji.

"Shilingi ngapi, fundi?"

"Mche hauuzwi. Jembe ndilo linalipiwa. Ningekuja kulima kwako, ungenipa changu. Leo nunua soda."

Shughuli yenyewe

Kabla ya kugusa chochote nilikusanya mafaili ya zamani. Nikakuta kadi za harusi, ratiba za kipaimara, barua za kuomba kiwanja. Nikayaweka kwenye memori kadi nimrudishie dada, maana kufuta harusi za watu sio ustaarabu.

Kisha nikazima, nikachomeka flashi, nikawasha huku nabonyeza F2 kama nacheza gemu. Ukiingia humo unaiambia mashine ianze na flashi kabla ya diski. Kila kampuni ina kitufe chake: Dell ni F12, HP nyingi ni Esc halafu F9. Ukichelewa sekunde mbili, umeikosa, unarudia.

Raha ya Linux ni kwamba unaionja kabla ya kuimeza. Ilifunguka yote kutoka kwenye flashi, diski haijaguswa. Nikajaribu sauti, fresh. Kipanya, fresh. Mwanga wa skrini, fresh. Nikajaribu Wi-Fi, ikakausha.

Usisande hapo, maana wengi ndipo wanaposandia. Chipu nyingine za Wi-Fi, hasa za Broadcom, zinataka kaprogramu ka ziada ambako huenda mfumo haujaja nako. Na kukapata unahitaji intaneti, yaani ufunguo umefungiwa chumbani. Dawa ni simu yako mwenyewe. Chomeka waya wa kuchajia kwenye kalaptop, ingia kwenye mipangilio ya simu, washa kushea intaneti kwa USB. Hapohapo kalaptop kanaiona simu kama waya wa mtandao, kanashusha kinachopungua, unachomoa, Wi-Fi inaamka.

Wi-Fi yangu ilipoamka nikaanza kuusakinisha mfumo, nikauruhusu ufute diski yote, nikaandika jina, nikaweka nywila, nikachagua saa za Dar es Salaam. Nikatoka nje kuota jua. Niliporudi umeshamaliza.

Bado kakabaki kamtego kamoja. Kila tovuti ilikataa kufunguka ikisema sio salama. Nilikuwa nishaanza kulaani ukoo mzima wa Debian kabla sijaangalia saa pembeni: Januari 2009! Kale kabetri kama kitufe cha koti, CR2032, kalikuwa kameisha, kwa hiyo kalaptop kakizimwa kanasahau tarehe. Tovuti zina vyeti vyenye mwanzo na mwisho, na mashine iliyo mwaka 2009 inaviona vyote ni vya kesho. Nikanunua betri mpya, nikarekebisha saa, milango ikafunguka. Kabetri tu!

Bata la kishkaji

Sasa maisha. Kanawaka ndani ya dakika moja. Barua naandika kwenye LibreOffice, bure, na printa za steshenari zinasoma PDF bila maswali. Na kuna stori hapa wana wengi hawaijui: LibreOffice ilichomoka kutoka OpenOffice mwaka 2010, na OpenOffice ilishaongea Kiswahili Disemba 2004. Walioifundisha ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya Sweden ya IT+46, kwenye mradi wa Kilinux. Wakaiita Jambo OpenOffice. Watu walikaa chini, wakavunjana vichwa juu ya kila neno la kwenye menyu, wakatoa kazi ile bure. Hiyo ndio obuntu ya kwenye kibodi.

Muziki na muvi, VLC inamaliza kazi. Kwa siku za bando kukata nimeweka Kiwix na Wikipedia ya Kiswahili nzima ndani ya diski, dogo anasoma bila intaneti. Umeme nao, huku kwetu ambako kwa miaka mingi tumekuwa tukivutiwa kutoka Uganda, ukikatika kalaptop kanaendelea kula betri, na chaja zake nyingi ni za wati 30 hadi 40, mzigo ambao sola nzuri ya nyumbani yenye inveta inaubeba. Na mafundi wa sola Karagwe sio wa kubahatisha, KARADEA walikuwa na kituo cha kuwafundisha tangu miaka ya 1990.

Nisikupige fiksi lakini. Kobe ukimvalisha raba, bado kobe. YouTube naangalia kwa picha ya 360, nikilazimisha kali inakatakata. Photoshop sahau, FL Studio sahau, gemu kubwa usiulize. Vichupo vya kivinjari, viwili au vitatu, cha nne unakitafuta ubaya. Ukipata RAM ya giga 2, weka, tena kwa tulaptop twingi twa aina hii hapo ndio mwisho wa dari.

Na mgomba wenyewe una msimu. Huzaa mkungu mmoja, unakatwa, mdogo wake anashika nafasi. Debian 13 ilipotoka Agosti 2025 iliacha kutoa toleo la kusakinisha kwenye laptop za biti 32 kama kangu. Debian 12 inatunzwa mpaka Juni 2028. Kwa hiyo kangu kana miaka ya kuhesabika, na mimi nahesabu nikiwa natumia. Ila wewe unayeenda kununua used kesho, jiongeze: kabla hujauliza bei, uliza biti ngapi. Ikiwa ya biti 64 na RAM giga 4, una shamba la kuchagua, kuanzia Lubuntu mpaka Linux Mint.

Chapati

Wiki iliyofuata nikashuka Kayanga kurudisha zile kadi za harusi. Nikakuta steshenari kumechafuka. Mteja kaja na flashi yenye barua inayotakiwa kufika halmashauri kabla ya saa sita, na flashi imepigwa na vile virusi vya shotikati: kila folda imegeuka kamshale, ukibonyeza hakuna kitu, na kompyuta ya dukani nayo imeshaambukizwa. Mteja anatoka jasho, dada anatoka jasho.

Nikatoa kalaptop begini, nikaweka mezani, nikabonyeza. Dada akanikata jicho.

"Na hako tena? Mwenzio ana haraka."

"Ngoja nikafuate chapati basi," nikamwambia, nikatoka kwa madaha.

Sijavuka hata barabara, nasikia naitwa: "We nshomile! Rudi, kameshawaka!"

Nikachomeka flashi. Virusi vile vinaongea lugha ya Windows, huku kwetu havina mtu wa kuongea naye. Na kazi yake kubwa huwa ni kuyaficha tu mafaili, hayajafutwa. Folda zote zikaonekana zimekaa palepale, barua ikiwemo. Nikaihamishia kwenye memori kadi yangu, nikafuta mishale na uchafu wake wote, tukaiprinti PDF kutoka kwenye kalaptop. Mteja akakimbilia boda bila hata kuchukua chenji.

Dada akakaa kimya kidogo. Kisha akainama chini ya kaunta, akatoa laptop nyingine, kubwa, imefungwa kwa raba ya baiskeli, akaifuta vumbi kwa mkono.

"Hii nayo walisema imekufa. Utanitoza ngapi?"

"Mche hauuzwi," nikamwambia. "Jembe utanilipa kwa chapati."

Akacheka, akaanza kufungua raba. Nikatoa flashi mfukoni na kikaratasi changu chenye ule mkufu wa herufi 64. Nikamvutia kiti, nikampa kalamu.

"Kaa hapa, sista. Tuanze kwa kuukagua."